Jinsi ya kujua kama tarantula wako mchanga ni dume au jike

Swali halibadiliki. Mtu anatuma picha ya buibui iliyopigwa kutoka juu, tumbo limejaa, rangi imekolea, halafu anauliza: "Kaka, huyu dume au jike?" Jibu langu nalo halibadiliki: kwa picha ya mgongo sijui, na anayekujibu kwa uhakika anapiga ramli. Tarantula wachanga, dume kwa jike, wanafanana rangi, wanafanana umbo, wanakula sawa na wanakimbia sawa. Tofauti iko ndani ya tumbo, upande wa chini. Njia ya uhakika ya kuiona bila kumsumbua mnyama ni moja: subiri ajivue gamba, kisha lisome gamba.

Mfano wangu mkuu hapa ni Pterinochilus murinus, yule buibui wa rangi ya chungwa ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita OBT, kifupi cha Orange Baboon Tarantula. Huko anauzwa kwa jina la "Usambara", milima yetu ya Tanga, na wengi wanaomnunua hawajui milima hiyo iko nchi gani. Nimemchagua kwa sababu ni wa kwetu Afrika Mashariki, anakua haraka, na anajivua gamba mara nyingi akiwa mdogo, kwa hiyo utapata nafasi nyingi za kujaribu. Hatua zenyewe ni zile zile kwa tarantula karibu wote. Kinachobadilika ni umbo la kile unachokitafuta.

(Kama uko Tanzania au Kenya na unafikiria kumchimbua mmoja porini, kwanza ulizia kibali kwa mamlaka ya wanyamapori. Mwongozo huu ni kwa mwenye buibui aliyezaliwa kwa mfugaji.)

Kwa nini ujisumbue

Kwa sababu dume na jike hawaishi sawa hata kidogo. Dume wa OBT anaweza kukomaa ndani ya mwaka mmoja au miwili, na akishakomaa hajivui tena: anatafuta jike, anadhoofika, na kwa kawaida hamalizi muda mrefu. Jike wa aina hiyo hiyo anaweza kupita miaka 10. Kwa jamii ya Brachypelma, wale wa Meksiko wenye magoti mekundu, jike hupita miaka 20. Kwa hiyo anayekuuzia "jike" kwa bei ya juu anakuuzia miaka. Una haki ya kudai ushahidi, na ushahidi ni picha ya ndani ya gamba, si maneno.

Nadharia, kidogo tu

Tarantula ana mapafu manne, jozi mbili, chini ya tumbo. Kwa nje yanaonekana kama mabaka yenye rangi iliyopauka kidogo. Jozi ya mbele iko karibu na miguu, jozi ya nyuma inafuata. Kati ya mapafu mawili ya mbele unapita mkunjo wa ngozi, umelala kutoka pafu moja hadi jingine. Huo ndio mlango wa uzazi.

Kwa jike, ndani ya mkunjo huo kuna kifuko cha mbegu, ambacho wataalamu hukiita spamatheka. Humo ndimo anamohifadhi mbegu za dume mpaka wakati wa kutaga. Kwa dume hakuna kifuko. Na kwa kuwa ukuta wa kifuko ni ngozi ile ile iliyoingia ndani, buibui akijivua gamba unatoka nao. Ndiyo maana jike aliyepandwa akijivua gamba kabla ya kutaga, mbegu zote zimekwenda na gamba na itabidi atafutiwe dume upya.

Hayo yanatosha. Tuingie kazini.

Vitu vya kuandaa

- Kibano kirefu, sentimita 25 hadi 30, cha kutolea gamba ndani ya boksi. Usikibadilishe na vidole.
- Kibano kidogo chenye ncha nyembamba. Cha kung'olea nyusi kinafaa kama ncha zake zinakutana vizuri.
- Brashi mbili za kuchorea, zile nyembamba kabisa, namba 0 au 1.
- Sindano ya kushonea au kijiti cha meno kilichochongwa.
- Lenzi ya kukuza mara 10. Ile ya fundi saa au sonara ndiyo bora kwa bei yake. Kama buibui wako bado ni mdogo sana, utahitaji hadubini. Ukuzaji wa mara 20 hadi 40 unatosha, na vile vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta vinafanya kazi vizuri.
- Kifuniko cheupe cha plastiki chenye kupitisha mwanga, mfano cha kopo la aiskrimu.
- Tochi ya simu.
- Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tishu.
- Spiriti kidogo, kwa gamba lililoanza kuota ukungu.
- Glavu, kama buibui wako ni wa asili ya Amerika.

Hizo glavu si urembo. Tarantula wengi wa Amerika wana vinyweleo tumboni vinavyowasha kama upupu, na vinyweleo hivyo vinabaki kwenye gamba vikiwa na makali yake yote. Usiliinamie gamba hilo ukilipulizia pumzi, na usijifute macho kabla ya kunawa. OBT na ndugu zake wa Afrika hawana vinyweleo hivyo, ila wana kitu kibaya zaidi: mbio, hasira na sumu yenye maumivu makali na mikazo ya misuli. Kwa hao, tahadhari ni kwenye boksi, si kwenye gamba.

Hatua kwa hatua

1. Pima ukubwa kwanza. Pima kutoka ncha ya mguu wa mbele hadi ncha ya mguu wa nyuma wa upande wa pili, mwili ukiwa katikati. Gamba lililokunjuliwa nalo linapimika hivyo hivyo. Akiwa na sentimita 4 au 5, lenzi ya mkononi inaweza kukupa jibu. Kati ya 2 na 4 tumia hadubini. Chini ya 2, hifadhi gamba na subiri lijalo. Utajiumiza macho bure, na mbaya zaidi utajipa jibu ambalo gamba halikukupa.

2. Mwache ajivue kwa amani. Dalili zinajulikana: anagoma kula, rangi inafifia, anajifungia ndani ya utando. Mdudu wa chakula aliyebaki hai, mende au nyenje, mtoe, kwa sababu buibui aliye katikati ya kujivua hawezi kujitetea. Ukimkuta amelala chali miguu juu, usishtuke. Hajafa, ndivyo wanavyojivua. Anayekufa kwa kawaida husimama wima miguu ikiwa imejikunja chini ya mwili. Usimgeuze, usimpulizie, usimnyunyizie maji.

3. Toa gamba mapema, lakini si mapema mno. Hapa pana pande mbili zinazovutana. Ukichelewa, buibui atalifinyanga gamba likawa donge, atalifungia kwenye utando au atalitumbukiza kwenye bakuli la maji. Ukiwahi, unamsumbua mnyama ambaye ngozi yake bado ni laini na anaweza kuumia kwa kuguswa tu. Kigezo ni hiki: subiri asimame mwenyewe na ahame pale lilipo gamba. Kwa mchanga, hilo huwa ndani ya saa chache hadi siku moja. Ukiweza kuona chonge zake, zikiwa nyeupe bado ni laini. Zikipita kwenye wekundu na kufika weusi, zimeshakuwa ngumu.

Shika gamba kwa mguu au kwa ule mfuniko mgumu wa mgongoni. Kamwe usilishike kwa tumbo, maana jibu lako lote liko kwenye kile kipande cha ngozi laini kinachoning'inia nyuma.

OBT mara nyingi anajivua ndani ya handaki la utando, halafu anasukuma gamba mlangoni. Likiwa mlangoni, chukua. Likiwa ndani naye yuko ndani, funga boksi uende zako. Gamba si sababu ya kuingiza mkono humo.

4. Loweka. Maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, tone moja la sabuni, na gamba lizamishwe lote. Sabuni inasaidia maji yapenye, kwani bila hiyo gamba litaelea na vinyweleo vitashika mapovu ya hewa. Gamba bichi, nusu saa. Gamba lililokauka, saa kadhaa au usiku mzima. Hata la mwaka jana linalainika, kwa hiyo usitupe lile lililosahaulika kwenye kiberiti.

5. Litambue gamba lako, mbele na nyuma. Litoe kwa brashi na uliweke kwenye kifuniko cheupe. Utaona miguu minane na vipapasio viwili, mfuniko mgumu wa mgongo uliofunguka (mara nyingi bado unaning'inia kwa mbele), chonge mbili nyeusi, na nyuma kabisa kitambaa cha ngozi kilichojikunja. Kitambaa hicho ndicho tumbo. Wengine wanakikata kabisa ili wafanye kazi kwa nafasi. Kwa mgeni nakataza. Tumbo likiwa bado limeshikana na miguu, huwezi kupotea ni upi mbele. Likishakatwa, utazungusha ngozi nusu saa ukitafuta mapafu ya mbele kwenye mapafu ya nyuma.

6. Kunjua tumbo. Hapa ndipo magamba mengi yanapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dondosha maji mpaka ngozi ielee kidogo juu ya kifuniko. Usivute. Weka brashi moja pale tumbo linapoungana na miguu ili lisisogee, na kwa brashi ya pili sukuma ngozi kutoka katikati kwenda nje, upole, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Maji ndiyo yanayofanya kazi, brashi inaelekeza tu. Ukikutana na sehemu iliyogandana, ongeza tone la maji yenye sabuni, hesabu hadi ishirini, rudi tena. Kibano kitumie mwishoni, kushika kingo za nje tu, kwa sababu ukishika katikati ya ngozi utatoboa palepale unapopahitaji.

Kwa kawaida tumbo limepasuka pembeni, hivyo ngozi ya mgongo na ngozi ya chini zinaachana. Wewe unataka ya chini, ile yenye mapafu. Nyuma yake utaona vimirija vya kutolea utando. Hiyo ni alama nzuri kwamba unatazama kipande sahihi.

7. Upande wa ndani uwe juu. Kosa linaloongoza ni kuchunguza ngozi upande wa nje. Nje kuna vinyweleo. Ndani ni laini, panang'aa. Ukiona msitu wa vinyweleo umekutazama, geuza. Kukiwa na maji ya kutosha ngozi itageuka kwa kusukumwa na brashi bila kuchanika.

8. Tafuta mapafu manne. Washa tochi ya simu chini ya kifuniko, mwanga upite juu. Mabaka manne meupe au ya rangi ya maziwa yatajitokeza, mawili mawili. Chini ya lenzi utaona kila baka ni karatasi nyembamba sana zilizopangana. Yale mawili yaliyo karibu na miguu ndiyo ya mbele. Mengine sahau.

9. Tazama katikati ya mapafu ya mbele. Kuna mstari unaoyaunganisha, ule mkunjo wa uzazi. Macho yako yabaki juu ya mstari huo, upande unaoelekea miguuni.

*Akiwa jike*, kuna kitu kimesimama kwenye mstari. Kwa OBT ni vifuko viwili vifupi, kando kwa kando, vimeota kutoka ukingo wa mkunjo na kuelekea mbele, kila kimoja na kichwa cha mviringo. Kwa mchanga wa sentimita 4 ni vidogo mno na karibu vipitishe mwanga, na utakachokiona kwanza si umbo bali vivuli viwili vinavyosogea unapoelekeza tochi pembeni. Kadiri anavyokua ndivyo kuta zinavyokuwa ngumu na kupata rangi ya kahawia, mpaka siku moja utaviona bila hata lenzi. Kwa Brachypelma usitafute viwili: ni kibamba kimoja kipana, kimesimama kati ya mapafu. Kabla ya kuanza, tafuta picha ya jike wa jamii yako hasa, kwa jina la kisayansi. Anayetafuta vifuko viwili kwenye buibui mwenye kibamba kimoja atasema dume kila siku.

*Akiwa dume*, mstari uko mtupu. Ngozi inapita kutoka pafu hadi pafu, na mkunjo hauna kilichosimama juu yake. Baadhi ya madume wana vitezi vidogo pale katikati, na hivi vimeshawadanganya watu wengi. Dawa yake iko hatua inayofuata.

10. Thibitisha kwa sindano. Chukua ncha ya sindano au ya kijiti, ipitishe taratibu kutoka upande wa miguu ukirudi nyuma, ikisugua juu ya mstari. Kifuko cha kweli kina ukingo huru: kitanyanyuka, kitalala upande wa pili, ukiachia kitarudi. Kitezi cha dume au mkunjo wa kawaida wa ngozi haunyanyuki hivyo; unasogea pamoja na ngozi yote. Fanya pia kinyume, kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu kwa majike wengine ngozi nyembamba ya njia ya mayai huwa imekilalia kifuko na kukificha. Ukisema "dume" bila kufanya jaribio hili pande zote mbili, bado hujasema kitu.

11. Piga picha na uhifadhi. Picha mbili: moja mwanga ukitoka chini, moja ukitoka pembeni. Weka lenzi mbele ya kamera ya simu, simu iwe imeegemea kitu. Hakikisha mapafu yote mawili ya mbele yanaonekana kwenye fremu, vinginevyo hakuna atakayeweza kukusaidia kusoma. Kisha tandaza ngozi juu ya tishu ikauke ikiwa imekunjuliwa, uiweke kwenye kijiboksi na karatasi yenye jina la aina, ukubwa na tarehe. Gamba lijalo utaliweka kando ya hili, na tofauti ya ukuaji itakupa uhakika ambao gamba moja halitoi.

Buibui mwenyewe mpe maji, chakula bado. Kwa mchanga subiri wiki moja hivi, chonge ziwe nyeusi kabisa.

Ukishindwa kusubiri: kumtazama tumbo akiwa hai

Njia hii ipo, na wenye uzoefu wanapatia mara nyingi. Lakini ni makisio yenye elimu, si ushahidi. Unahitaji picha safi ya chini ya tumbo, na nafasi nzuri ni pale anapopanda ukuta wa boksi linaloonyesha. Elekeza macho pale pale, kati ya mapafu ya mbele. Dume ana kiraka kidogo juu tu ya mkunjo, cha nusu duara au pembetatu, chenye nywele fupi zilizosongamana na rangi tofauti na pembeni yake. Humo mna vitoa-uzi vya ziada, ambavyo akikomaa atavitumia kufuma utando wa kuwekea mbegu. Jike hana kiraka hicho, na mara nyingi mkunjo wake ni mpana, wenye mdomo uliotuna.

Kwa aina tulivu, watu humhamishia kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha wakampiga picha kwa chini. Kwa OBT, sishauri. Subiri apande ukuta mwenyewe.

Wengine wananiuliza juu ya kulabu za miguuni na vipapasio vilivyovimba. Hizo ni dalili za dume aliyekwisha komaa. Ncha za vipapasio zinakuwa zimetuna kwa kifaa cha kupandia, na kwa aina nyingi kuna kulabu chini ya miguu ya mbele za kushikilia chonge za jike wakati wa kupandana. Ukiziona, jibu umelipata, ila umelipata mwishoni mwa maisha yake. Na kutokuwepo kwa kulabu hakumaanishi jike: madume wa Theraphosa blondi, yule jitu wa Amerika Kusini, hawana kulabu hata wakikomaa.

Hasira, ukubwa wa tumbo, ung'avu wa rangi kwa mchanga: achana navyo. Tumbo kubwa maana yake ameshiba.

Mambo yakikwama

*Siyaoni mapafu kabisa.* Uko upande wa nje, au umekunjua ngozi ya mgongo. Tafuta vimirija vya utando, vikikosekana umeshika kipande kisicho. Kama vipo, ongeza maji na uzime taa ya chumbani ili mwanga wa chini utawale.

*Ngozi imechanika katikati ya mapafu ya mbele.* Kama mpasuko umepita kwenye mstari wenyewe, gamba hilo halina jibu. Liandike "haijulikani" na usubiri. Kama umepita pembeni, sogeza vipande viwili vikutane kwenye maji na usome kwa tahadhari.

*Naona kitu, lakini sijui kama ni kifuko au mkunjo.* Rudia hatua ya 10. Ikibaki utata, linganisha na gamba lijalo: kifuko kinakua, mkunjo wa bahati mbaya hautatokea mahali pale pale mara mbili.

*Sioni kitu, je ni dume?* Kwa buibui wa sentimita 5 na zaidi, ngozi ikiwa nzima na safi na umepitisha sindano, ndiyo, sema dume. Kwa wa sentimita 2 au 3 usiseme. Vifuko vya jike mchanga vinaweza kuwa havionekani kabisa kwa lenzi yako, na ndiyo maana kati ya majibu yanayogeuka baadaye, mengi ni ya "madume" waliogeuka kuwa majike.

*Gamba limekuwa donge gumu.* Usilifungue kavu. Loweka usiku kucha, badilisha maji, loweka tena. Likianza kulegea, lifungue likiwa ndani ya maji, kwenye kisahani, si juu ya meza.

*Limeota ukungu.* Lizamishe kwenye spiriti kwa dakika kadhaa, lisuuze, endelea. Ukungu ukishakula ngozi ya tumbo, hakuna cha kuokoa. Safari nyingine litoe mapema.

*Sindano inabeba ngozi yote.* Maji yamepungua, ngozi imegandia kifuniko upande mmoja na kukauka upande mwingine. Lowesha upya.

*Buibui wangu hajivui.* Mchanga hujivua kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, wengine zaidi kulingana na aina, joto na chakula. Anapokua nafasi inarefuka, na jike mkubwa anaweza kujivua mara moja kwa mwaka. Usimlishe kupita kiasi ili umharakishe. Tumbo lililojaa kupindukia likianguka kutoka ukutani linapasuka, na hilo halishoneki.

*Muuzaji anasema ni jike lakini hana picha.* Mnunue kwa bei ya asiyejulikana, au mwambie akutunzie gamba lijalo.